Tepu Iliyoishia Arobaini na Tano

Mwishoni mwa miaka ya tisini niliishi Durban, sehemu ya Point, ghorofa ya nne ya jengo ambalo lifti yake nadhani ilikufa kabla mimi sijazaliwa. Chumba chetu kilikuwa kidogo kuliko vyumba vyote duniani. Ukipiga chafya kitandani, sufuria iliyo juu ya jiko inatingishika. Mtu akitaka kuvaa suruali, mwenzake anatoka kwanza koridoni. Tulikuwa watatu humo: mimi, kinyozi mmoja wa Lubumbashi, na cherehani niliyoinunua kuukuu. Cherehani ndiyo iliyokuwa na nafasi nzuri, karibu na dirisha.

Mchana nililinda magari karibu na ufukwe. Kazi yenyewe ni hii: unampungia dereva mkono mpaka aegeshe, unamwambia sharp, yaani mambo safi, anakwenda zake kuogelea. Akirudi unamwambia sharp tena, anaondoka. Kuna siku nilisema sharp mara elfu nne, na hilo ndilo neno pekee lililotoka kinywani mwangu tangu asubuhi. Nikirudi chumbani namkuta kinyozi bado yuko saluni, basi naisalimu cherehani. Mimi si mtu wa kulialia, anayenijua atakwambia kwamba nacheka hata pasipo na kichekesho. Lakini katika mji ule wenye watu kama siafu, nilikuwa namaliza wiki nzima bila mtu kuniuliza kama nimekula.

Ndiyo sababu nilijiandikisha shule ya jioni, kule Umbilo. Watu wakiniuliza huwa nasema ni kiu ya elimu. Uongo mtupu. Nilikwenda kwa sababu mle darasani mwalimu aliita majina kabla ya kuanza, na likiitwa langu, chumba kizima kinageuka kuona kama nipo. Ukishalionja hilo mara mbili kwa wiki, unaongeza somo. Nilianza na Kiingereza, nikaongeza ushonaji. Kama wangefundisha uzazi wa ng'ombe ningejiandikisha pia.

Kwenye Kiingereza nilikaa dawati moja na mama mmoja Mchina, mtu wa makamo, mwenye duka dogo la vifungo, nyuzi, zipu na makorokoro mengine, si mbali na kwetu. Mimi nilimwita Mama Vifungo, naye akaniita Rafiki, kwa kuwa jina langu lilimshinda na lake lilinishinda zaidi. Kiingereza chetu kilikuwa cha kuokoteza. Yeye akikosa neno anachora, mimi nikikosa neno naongeza sauti.

Siku moja mwalimu alituambia kila mtu alete msemo mmoja wa kwao na aueleze. Ilipofika zamu yake, Mama Vifungo alisimama, akaweka mikono nyuma kama mtoto wa shule, akatamka sauti nne fupi: bi men zao che. Kisha akageukia ubao, akachora nyumba yenye mlango uliofungwa, ndani yake mtu, na pembeni ya mtu gurudumu.

"Funga mlango, unda mkokoteni," alisema. "Mtu huyu hamuulizi mtu. Hatoki kutazama barabara. Anaunda peke yake, anadhani anajua. Akitoka nje..." Alitingisha kidole huku na huku. "Hauendi."

Darasa lilicheka, nami nilicheka kuliko wote, mpaka mwalimu akanikazia macho. Kwangu ulikuwa msemo wa kumsema mtu mwingine, mjuaji fulani, na nilikwishawaza wajuaji saba ambao ningewapelekea. Mwenyewe sikujihesabu.

Mwaka uleule nilihitimu ushonaji. Nilipewa cheti chenye mhuri mwekundu, mhuri mkubwa kama sahani ya chai, nikakibandika juu ya cherehani mahali ambapo hata mtu akilala chali atakiona. Kinyozi alikisoma, akaniangalia, akakisoma tena.

"Sasa uko docteur wa suruali," alisema.

"Na makoti," nikamwambia. "Wameandika hapo chini."

Usiku huohuo nilimwandikia baba. Hapa lazima nieleze kidogo. Baba yangu alikuwa fundi cherehani sokoni Morogoro, fundi wa makoti. Tangu nina akili, kila harusi ya mtaa wetu ilipita mikononi mwake, maana bwana harusi na wazee wake wote huvaa koti juu ya kanzu, na koti lisilokaa begani ni aibu ya ukoo mzima. Mimi nilikua chini ya meza yake. Nilipofikisha miaka kumi na tisa alinipa kitambaa cha bitana nikishone, akatazama nilichoshona, akaweka chini miwani, akasema mbele ya wateja: "Huyu mshono wake unakwenda kama mlevi anarudi nyumbani." Wateja walicheka sana. Mimi, ambaye hucheka kila kitu, siku hiyo sikucheka. Mwezi ule ule niliondoka, nikapanda malori ya watu mpaka nikafika mwisho wa Afrika. Miaka sita tuliandikiana salamu tu: hatujambo, mvua imenyesha, mama anakusalimia.

Basi nikamwandikia kwamba mwanawe amesomea ushonaji na ana cheti. Majibu yalikuja baada ya wiki tano, mistari michache, kwa mwandiko wake wa kalamu ya kukandamiza. Dada yangu alikuwa anaolewa. Na kama kweli nimekuwa fundi, nimshonee yeye baba koti la kuvaa siku ya ndoa. Chini yake namba nne: urefu ishirini na tisa, bega kumi na saba, mkono ishirini na tatu, kifua thelathini na sita. Mwisho aliandika: "Hizo ni inchi."

Niliyasoma wima, nikayasoma nimekaa. Fundi mwenye miaka thelathini ya kazi anaomba kushonewa koti na yule yule aliyechekwa kwa mshono wake! Sikuhitaji kuelezwa. Koti lile likimkaa begani mbele ya mtaa mzima, nimerudi nyumbani hata kama miguu yangu iko Durban. Likimkataa, basi nitakuwa yule yule wa bitana mpaka nife.

Kule darasani tulikuwa tunapima kwa sentimita, na tepu zilikuwa za shule. Yangu sikuwa nayo. Nikaenda kwa Mama Vifungo nikanunua moja, ya njano, laini, upande mmoja sentimita, upande wa pili namba kubwa kubwa zenye nafasi pana. Inchi zangu hizo, nikasema, nikaikunja mfukoni. Nikachagua na vifungo vitatu vyeusi.

"Unashona nini?" aliniuliza.

"Koti la baba. La harusi."

"Mwalimu wa ushonaji ameona?"

"Hapana. Haoni mtu mpaka nimalize."

Alicheka, akachora mlango hewani kwa kidole. "Rafiki! Funga mlango, unda mkokoteni!"

Nikacheka naye. Lakini mimi nilikuwa na sababu. Kwa baba ilikuwa desturi: koti halioneshwi mtu kabla ya vifungo kukaa. Hata mama hakuruhusiwa kufunua shuka lililofunika kazi. Alisema koti lisilo na vifungo linasemwa na kila mpita njia, na ukisikiliza wote utatoka na gunia. Kwa hiyo sikumpelekea mwalimu, ambaye angeona kosa akiwa bado mlangoni. Jumapili kwa Jumapili, kinyozi akienda kanisani kwenye kwaya yao, ambayo huanza asubuhi na sijui kama huwa inaisha, nilifunga mlango kwa komeo na kukata koti la baba.

Kitambaa kilikwisha kabla ya mikono. Nilishangaa kidogo, nikarudi dukani kuongeza. Mkono wa koti nilipoushikiza begani kwangu ulipita vidole. Nilisimama katikati ya chumba, mkono ule unaning'inia kama mkonga, nikawaza. Na unajua nilichowaza? Nilifurahi. Nikasema, kumbe mzee amenenepa! Kumbe mambo ni mazuri! Miaka sita wameniandikia hatujambo, hatujambo, nami sikuwaamini, kumbe kweli hawajambo, wanakula mpaka kifua kimekuwa kama pipa. Na mikono mirefu? Mikono ya baba ilikuwa mirefu siku zote. Alikuwa akikaa kwenye cherehani yake na kunizaba kofi mimi niliyeko upande wa pili wa soko. Kichwani mwangu alikuwa na kimo cha mlango.

Basi nikamshona mtu huyo. Wiki saba niliishi naye humo chumbani. Nilimuona anapita kwenye mlango wa msikiti kwa ubavu, anakaa kiti kinalia, anakula pilau mikono imetota mafuta. Nilizungumza naye. Nikipiga pasi nilikuwa nasema, geuka kidogo baba, nione mgongo. Sijawahi kushona mishono kama ile, nasema kweli, mishono iliyonyooka mpaka reli ya treni ingeona haya. Na nikitoka kwenda ufukweni kusema sharp, nilikuwa na mahali pa kurudi.

Siku vifungo vilipokaa nilimvalisha kinyozi, na kinyozi mwenyewe hakuwa mdogo. Aliinua mikono, mikono ya koti ikabaki chini. Akageuka, koti likachelewa kugeuka.

"Eh, ndugu yangu," alisema taratibu, "hii vesti iko ya mutu mumoja ama ya famille muzima?"

"Ya baba yangu."

"Papa yako iko mukubwa namna hii?"

"Mkubwa."

"Vraiment? Kweli?" Alinitazama nilivyo, mimi niliyekuwa mwembamba kama waya wa antena. "Na wewe ulizaliwa na nani?"

"Vua koti la watu," nikamwambia.

Alivua, akalikunja vizuri kabisa, kwa heshima, akasema, "Pole, sikucheka. Mushono iko sawa." Nikaona wivu tu unamsumbua. Kesho yake nikalipeleka kwa dereva wa lori, mtu wa kwetu aliyekuwa anarudi Dar, naye akaapa litafika kabla ya harusi. Likafika.

Siku yenyewe ya harusi ilikuwa Jumamosi. Nilijipa likizo. Nilipika wali, nikavaa shati safi, nikakaa peke yangu karibu na dirisha nikifuata ratiba kwa saa: sasa wanaoga, sasa shehe amefika, sasa wameshavaa makoti. Ilipofika saa ya ndoa nilisimama. Usiniulize kwa nini. Nilisimama mle chumbani, mikono mbele, kama nimepangwa mstari na wajomba zangu, mpaka nilipodhani imekwisha. Chini barabarani taxi zilikuwa zinapiga honi zikiita abiria, nikajifanya ni honi za harusi. Halafu nikala wali.

Bahasha ilikuja baada ya mwezi. Ndani mlikuwa na picha moja tu na mstari mmoja wa dada: "Tunakushukuru kaka, tulikukumbuka sana." Bwana harusi, dada, mama, na pembeni mtoto amevaa koti la mtu mzima.

Si mtoto. Nilipoisogeza dirishani nikaona kofia na miwani. Baba yangu alisimama ndani ya koti langu kama mtu aliyejificha humo mvua isimpate. Mabega ya koti yalianguka mpaka karibu na viwiko. Mikono haikuonekana kabisa. Shingo ilitoka katikati ya kola kama kijiti kwenye ndoo.

Niliketi kitandani. Wazo la kosa halikunijia hata mara moja, kwa maana mimi si nilikuwa na cheti? Nilichowaza ni kwamba namba zile alizichukua akiwa mzima, na miezi hiyo michache ugonjwa umemla. Nimeona watu wakipungua namna hiyo, miaka ile tuliwaona wengi. Nikawaza, wanaficha. Dada ameandika mstari mmoja kwa sababu mstari wa pili ungekuwa huo.

Nilishuka ngazi sikumbuki vipi, nikaenda kwenye duka la simu la mama mmoja wa Kikongo, nikapiga kwa muuza dawa jirani yetu Morogoro, nikaomba niitiwe baba, nikakata, nikasubiri. Dakika kumi zile zilikuwa na miaka mitano ndani yake. Nikapiga tena.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hujambo?"

"Baba, unaumwa?"

"Nani kasema?"

"Nimeona picha. Baba niambie ukweli. Umepungua."

"Mimi sijapungua. Niko vilevile tangu unazaliwa. Mama yako anasema hata kitambi nimeshindwa kuota." Akakohoa, kikohozi chake cha kawaida, cha vumbi la vitambaa. "Wewe, umepima kwa kitu gani?"

"Kwa tepu."

"Tepu gani?"

"Tepu tu baba. Ya njano. Ina inchi upande mmoja."

"Inaishia ngapi?"

Ilikuwa mfukoni. Niliitoa, nikaivuta mpaka mwisho pale kwenye kibanda cha simu, watu wakinitazama. "Arobaini na tano."

Nilisikia pikipiki ikipita Morogoro.

"Tepu ya fundi inaishia sitini," alisema baba.

Niliitazama ile tepu. Nimelala nayo wiki saba, nimeivaa shingoni kama shehe anavyovaa shali, na sikuwahi kujiuliza.

"Baba," nikasema, "si ungelipunguza? Kazi ya mchana mmoja kwako."

"Nililifunua asubuhi ya harusi. Hapakuwa na mchana."

"Ungevaa lako la zamani basi."

"Nilishawaambia watu kwamba koti linatoka kwa mwanangu."

"Walicheka?"

"Walicheka sana. Mjomba wako alikaa chini." Halafu akasema kama mtu anayesoma bei ya kitambaa: "Lakini niligeuza bitana nikaangalia ndani. Mishono imenyooka."

Nilitaka kujibu. Dakika zikaisha, simu ikaanza kulia ule mlio wake. Mama wa duka akaniuliza kwa Kiswahili chao kama iko matatizo nyumbani. Nikamwambia hapana, wote wazima. Alinipa karatasi ya kupangusia uso, hakuuliza zaidi.

Kutoka hapo nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Vifungo. Nikaitandaza tepu juu ya kaunta na kando yake picha. Alitazama picha, akaziba mdomo kwa mkono, mabega yakatetemeka. Alicheka mpaka akaketi kwenye katoni. Kisha akaona sura yangu, akaacha.

"Hizi si inchi," alisema. "Hiki ni kipimo cha kwetu. Kikubwa kuliko inchi." Akatoa tepu nyingine, yenye sentimita na inchi, akalaza moja juu ya nyingine. Tatu za kwao zilifika karibu na nne za baba. "Binamu yangu alileta katoni nzima kutoka nyumbani. Hapa hakuna anayejua kukisoma. Mimi peke yangu nasoma. Sikufikiri. Pole, Rafiki."

"Ulinionya," nikasema. "Mlango, mkokoteni."

"Hapana." Alitingisha kichwa kwa nguvu. "Darasani nilisema nusu. Kila mtu anasema nusu."

Hapakuwa na wateja. Alikuwa na chupa ya chai, akanimiminia kwenye kifuniko, akanieleza kwa Kiingereza chetu kile, na kwa kuchora juu ya karatasi ya kufungia vifungo. Babu yake alikuwa mwalimu wa shule ya kijijini, na babu alisema msemo ule ulikuwa na miguu miwili. Mguu wa kwanza: funga mlango, unda mkokoteni. Mguu wa pili: fungua mlango, magurudumu yanaingia njiani sawasawa. Zamani barabara zao zilikuwa za udongo, na magurudumu yalichimba mifereji miwili mirefu. Mkokoteni ambao magurudumu yake hayalingani na mifereji ile hauendi popote. Basi mfalme akaagiza nchi nzima iwe na upana mmoja. Tangu siku hiyo, fundi aliyeko mlimani peke yake, bila kumuona mtu, bila kuitazama barabara, aliweza kufunga mlango wake na kuunda. Akifungua, mkokoteni unaingia kwenye mifereji kama umezaliwa humo.

"Ilikuwa sifa," alisema. "Mtu yuko mbali, yuko peke yake, lakini kazi yake inafika. Kwa sababu kipimo ni kimoja."

"Sasa kwa nini mnacheka nayo?"

Alifikiri. "Barabara zilibadilika. Mifereji ikafutika. Watu wakasahau mguu wa pili. Ukiutoa, kinachobaki ni mtu na mlango wake. Anachekesha."

Kisha, huku akikunja ile karatasi, akaniambia jambo ambalo mwaka mzima wa dawati moja hakuwahi kuniambia. Alikuwa na binti, amemwacha kwa bibi yake. Kila mwaka mpya humpelekea viatu, na kila mwaka vinambana. "Mimi namnunulia yule niliyemwacha," alisema. Akajimiminia chai yeye mwenyewe, na tulikaa pale, fundi mwenye cheti na mwenye duka la vifungo, tukaimaliza chupa.

Nilipoinuka nilimwomba tepu nyingine ya njano, ileile, ya kwenye ile katoni. Alidhani nimechanganyikiwa. Akanionesha ya inchi, akaitingisha mbele ya macho yangu. Nikakataa. Nikalaza yangu na ile mpya kwenye kaunta, tukazipima zote mbili alama kwa alama, mpaka mwisho. Zilikuwa sawa. Moja nikaitia kwenye bahasha nikamwandikia baba: jipime kwa hii, upande wa namba kubwa, unipe namba.

Mwalimu wa ushonaji angeniambia kuna njia rahisi zaidi, na ni kweli ipo, hata mtoto anajua kugeuza inchi kuwa sentimita. Lakini sikutaka njia rahisi. Nilitaka kitu ambacho baba akikishika kule, na mimi nakishika huku.

Kabla jibu halijafika, kinyozi alihama. Alipata kiti katika saluni ya Queensburgh, na chumba hukohuko. Aliniachia sufuria. Mlangoni aliniambia, "Usibaki kufunga mlango siku zote, docteur," nikamwambia sharp, akaenda. Chumba kidogo kuliko vyote duniani kikawa kikubwa kama uwanja wa mpira. Niliweza kuvaa suruali wakati wowote nitakao, bila kumtoa mtu nje. Sikujua kwamba naweza kukikosa kitu kama hicho.

Namba za baba zilikuja kwenye nusu karatasi. Urefu ishirini na mbili. Bega kumi na tatu. Mkono kumi na saba na nusu. Kifua ishirini na saba na kitu kidogo. Chini yake: "Hii tepu ya ajabu. Nimeining'iniza ukutani, wateja wananiuliza ya nini, nawaambia ni ya koti moja tu."

Nilikata Jumapili ile ile. Safari hii kitambaa kilitosha, kikabaki. Nilipolaza bega mezani niliona jinsi lilivyo dogo, nikapima tena, nikapima mara ya tatu. Yule mtu mkubwa niliyeishi naye wiki saba hakuja. Nilifanya kazi bila kusema na mtu.

Vifungo vilipokaa hapakuwa na wa kumvalisha. Nikalivaa mwenyewe. Sikuwa na kioo cha kutosha mwili, kinyozi alikwenda na chake, kwa hiyo nililijua kwa mikono tu: mabega yakakaa mahali pake, mikono ikaishia kwenye kifundo, kifua kikafunga bila kuvuta. Lilinikaa kama nimepimwa mimi. Nikabaki nimesimama karibu na cherehani, ndani ya koti la baba yangu.

Halafu nikalivua, nikalipiga pasi, nikatoa komeo, nikashuka kumtafuta dereva.